Nta ya Skii Ndani ya Kalibu ya Baba

Saimi aliporudi kwa basi kutoka mji wa Kajaani alikuta ufagio umelala chini. Asubuhi alikuwa ameuegemeza mlangoni kama afanyavyo kila mtu kule kwao: ufagio ukisimama mlangoni, maana yake hakuna mtu, geuza urudi ulikotoka. Hata mwizi wa mkoa wao wa Kainuu huuheshimu. Lakini ndugu wa tumbo moja hana adabu ya mwizi, na Saimi alikuwa naye mmoja tu, akamtosha.

Hakuvua hata koti. Alipita jikoni moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma, pale ambapo zamani baba yao alikuwa akikausha ngozi na ambapo sasa yeye hutengenezea risasi zake. Taa ilikuwa inawaka. Mezani kulikuwa na chengachenga za nta ya manjano, kizibo cha kusugulia, na bisibisi yake nzuri imepinda. Kishikio cha mashine kilikuwa kimebana ukingo wa ganda la risasi, ukingo mtupu, umenyofoka. Ganda lenyewe halikuonekana. Saimi aliifungua kalibu kutoka kwenye mashine, akaisogeza kwenye taa, akaisogeza zaidi, mpaka pua ikakaribia kugusa chuma. Ganda lilikuwa humo humo, limekwama kama mfupa kooni, na pembeni yake kuna mikwaruzo mipya ya mtu aliyechokonoa kwa nguvu bila akili.

"Mshenzi," alisema. "Mshenzi mkubwa wewe."

Ile haikuwa kalibu ya dukani. Baba yao aliichonga mwenyewe kwa kipande cha ekseli ya mashine ya kukatia nyasi, kwenye mtambo wa kiwanda cha maziwa, kwa ajili ya zile bunduki zake mbili za mtutu mpana ambazo risasi zake hakuna duka linalouza tena. Moja alimwachia Saimi, moja akamwachia Ensio. Ukishapiga risasi ya namna hiyo hulitupi ganda, maana hutapata jingine kwa urahisi. Unalirudisha nyumbani limevimba kwa moto, unalisukuma ndani ya kalibu lirudi umbo lake, kisha unalitia fataki mpya, baruti, na kichwa kipya. Bila kalibu, bunduki ni fimbo nzito ya kutembelea.

Na shaba haiingii ndani ya chuma ikiwa kavu. Lazima ipakwe mafuta, na hapo kwenye mafuta ndipo wanaume wa kikosi chao cha uwindaji hugombana kuliko kwenye siasa. Yupo anayeapia grisi ya trekta. Yupo anayepaka sabuni ya maji aliyomwibia mkewe. Saimi hutumia mafuta ya sufu ya kondoo, yale yale ya duka la dawa wanayopaka akina mama wanaonyonyesha matiti yakipasuka, na amezoea binti wa duka la dawa kumtazama mwanamke wa umri ule anayenunua kopo zima. Huyayeyusha kwa maji ya moto, huyachanganya na spiriti, humimina kidogo juu ya maganda ndani ya beseni na kuyabingirisha kwa vidole. Halafu hungoja. Spiriti si mafuta. Spiriti ni punda, kazi yake ni kubeba mzigo na kuondoka. Asiyengoja iondoke huingiza punda badala ya mzigo.

Baba yao alikuwa na sheria moja. Mafuta yakipungua, ganda linakwama. Yakizidi, yanakosa pa kwenda mle ndani na yanabonyeza bega la ganda, pale linapoanza kukonda kuelekea shingoni. Akiona ganda limebonyea alikuwa analitupa pipani na kumwangalia aliyelipaka mpaka mtu akatamani kuingia pipani mwenyewe.

Sasa Saimi alikuwa na hasira za mwezi wa nane bado hazijapoa, akaongezewa hizi. Yeye aliendesha lori la maziwa barabara zile za misitu tangu ujana mpaka kiwanda kilipofungwa, barafu na giza vyote akavizoea. Kwenye uwindaji wa hirvi, yule kulungu mkubwa wa kule, walimpokea kwanza kama mpika supu, na supu aliipika miaka mingi akisikiliza wanaume wakisimulia jinsi walivyokosa. Mpaka vuli moja mtu akaugua, lindo likabaki tupu kando ya kinamasi cha Kuikka, na Saimi akaweka mwiko chini, akachukua bunduki ya baba. Siku hiyo alirudi na dume. Tangu hapo lindo lile likawa lake, na kisiki cha msonobari anachokalia kikaitwa kiti cha Saimi hata kwenye ramani ya kikosi.

Halafu kwenye mkutano wa Agosti, Ensio, mdogo wake aliyechaguliwa kuwa mkuu wa kikosi, akasimama mbele ya watu wote akasema, "Dada magoti yamechoka. Mwaka huu apumzike jikoni." Wanaume wakaangalia viatu vyao. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo, na wote wameshakula kwa mikono yake. Saimi alisimama, akamwambia nduguye, "Basi na risasi zako jitengenezee," akatoka. Kopo la mafuta ya sufu akalificha kwenye ndoo ya sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke, chini ya matawi ya kujipigia. Alikuwa ameapa kwamba siku ya kwanza ya msako, Jumamosi, atakaa kwenye kisiki chake, mkuu apende asipende. Hiyo Jumamosi ilikuwa keshokutwa, na risasi hata moja hakuwa nayo.

Alikata shamba kwa miguu mpaka kwa Ensio, kalibu ikiwa mfukoni. Alimkuta mezani anakula viazi na samaki wadogo wa kukaanga.

"Dada! Karibu kahawa."

"Sikuja kunywa kahawa. Ufagio uliuona?"

Ensio aliweka uma chini. "Niliuona."

"Ukafanyaje?"

"Nikausogeza."

"Ukausogeza! Unasikia anavyosema? Nikausogeza!" Hakukuwa na mtu mwingine mle ndani, lakini Saimi alizungumza kana kwamba kuna baraza zima. Aliitupa kalibu katikati ya sahani, samaki wakaruka. "Na hii je? Hii nayo uliisogeza?"

"Mafuta sikuyaona, dada. Nimetafuta mpaka kwenye kabati la sukari. Uliyaficha."

"Nikayaficha ndiyo! Kwa sababu ni yangu! Kwa hiyo mtu akikosa mafuta anapaka nta ya skii?"

"Si nta ya kawaida," Ensio alisema, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu sauti yake ilikuwa na fahari kidogo. "Ni ile ya mashindano. Nilishinda nayo mbio za wazee za kuteleza kwa skii Machi. Hakuna kitu kinachoteleza duniani kama ile."

"Inateleza juu ya theluji, Ensio! Ndani ya kalibu kuna theluji?"

"Nilipaka vizuri, nikasugua kwa kizibo mpaka ikang'aa."

"Ukang'arisha."

"Nikang'arisha."

"Mungu wangu nipe subira, maana ukinipa nguvu nitampiga." Saimi alishika ukingo wa meza. "Ukiing'arisha nta umeiondoa yote, umebakiza harufu. Ganda halitakiwi kung'aa. Linatakiwa linate kwenye kidole, basi. Mara ngapi umemwona baba? Ulikuwa umekaa pale kwenye gogo, unakula mkate, unaangalia!"

"Nilikuwa naangalia mkate," alisema Ensio.

Siku nyingine wangecheka. Saimi aliichukua kalibu, akaifuta mafuta ya samaki kwenye sketi yake. Ganda lililokwama hutolewa kwa kutobolewa kitako, kukatwa hesi na kuvutwa kwa bolti, na kazi hiyo inataka mikono minne. Hilo lilimuudhi kuliko yote. Angeweza kumpigia Tuure, wa pili kwa Ensio kwenye kikosi, lakini Tuure naye alikuwa mmoja wa wale walioangalia viatu.

"Vaa koti," alisema. "Unakuja kushika."

Walirudi wote wawili mpaka chumba cha nyuma kwa Saimi. Ensio aliibana kalibu kwenye jiliwa, akainamisha taa. Saimi akaweka ncha ya keekee katikati ya kitako cha ganda, akaanza kuzungusha. Ncha ikateleza ikaenda pembeni. Akairudisha. Ikateleza tena, safari hii ikaelekea kwenye chuma cha baba, na Ensio akamshika kifundo cha mkono.

"Niachie!"

"Hauko katikati, dada."

"Niko katikati!"

"Hauko."

Ensio alimwachia mkono, akaenda kwenye rafu ya juu. Akateremsha mkebe wa zamani wa kahawa, akaumimina mezani. Maganda yakabingirika, maganda ya Saimi, ya wiki ile ile. Karibu yote yalikuwa yamebonyea begani, vishimo vidogo vya mafuta yaliyozidi, vingine viwili viwili kwenye ganda moja.

"Nilikuwa natafuta kopo lako," Ensio alisema polepole. "Nikakuta haya."

Saimi alihisi uso unawaka. Alitaka kusema ni mafuta ya mwaka huu mabaya, ni baridi, ni beseni jipya. Yote hayo alikuwa ameshajiambia mwenyewe alipokuwa anayaficha kwenye mkebe, na hakuna hata moja alilokuwa ameliamini.

"Unanipekua," alisema. "Umekuja kunipekua ndani ya nyumba yangu."

"Mwaka jana," Ensio aliendelea, maana mtu mpole akishaanza kusema hajui pa kukomea, "pale Kuikka ulisema hakuna kitu kilichopita. Dada, jike na ndama wake walipita mbele yako. Ungeweza kuwatupia kofia. Nilizikuta nyayo nilipokuja kukuchukua. Nikazivuruga kwa buti kabla Tuure hajafika."

 Nje mbwa wa Ensio, aliyewafuata, alibweka mara moja akaacha.

"Ukazivuruga," Saimi alisema.

"Ndiyo."

"Mwaka mzima unajua."

"Ndiyo."

Basi hasira ya Saimi, ambayo mpaka hapo ilikuwa na kelele, ikashuka chini ikawa nzito. "Sikiliza, mwanaume. Leo nimetoka kwa daktari. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili. Watanipasua mwezi wa kumi na moja. Nimekaa kwenye basi njia nzima nalia kama mjinga, nikijiuliza nitakwambiaje, nitaanzaje. Kumbe wewe unajua! Ulijua, na badala ya kuja jikoni kwangu tukiwa wawili, ukasimama mbele ya Tuure na wenzake ukasema magoti! Magoti yangu yana nini? Magoti yangu yanakushinda wewe na skii zako!"

"Ningekwambia ungenifukuza."

"Ningekufukuza! Ningekurushia sufuria! Halafu ungeondoka, na mimi ningekaa hapa ningekusikia. Hiyo ndiyo kazi ya ndugu, Ensio. Kufukuzwa na kurudi. Si kunivurugia nyayo kama ninayekufa kesho!"

Ensio alikaa kwenye gogo lile lile la utotoni. Alikuwa na mvi sasa, na kipara katikati, na aliangalia mikono yake. "Niliogopa," alisema. "Niliogopa utampiga mtu, na nilikuogopa wewe zaidi."

Saimi aliitazama kalibu. Hasira hasara, wahenga walisema, na hasara ilikuwa pale kwenye jiliwa: kama asingelificha kopo, nta isingeingia. Hilo alilijua na halikumpunguzia hasira hata chembe. Mtu anaweza kuwa na kosa lake mfukoni na bado la mwenzie likawa kubwa zaidi. Alimkabidhi keekee.

"Toboa wewe. Katikati. Nitakwambia kwa sauti, chuma kikilia vibaya ninasikia."

Alitoboa, naye Saimi akasikiliza. Walikata hesi, wakaweka bolti na kipande cha bomba juu yake, Ensio akazungusha spana huku Saimi amekumbatia jiliwa kwa mikono miwili. Ganda lilitoka kwa mlio wa kukwaruza. Saimi aliingiza kidole cha mwisho ndani ya kalibu, akazungusha, na kikasimama mahali bisibisi ya Ensio ilipopita. Chuma cha ekseli si kigumu kama cha dukani. Mfereji mwembamba, kutoka mdomoni kwenda juu, hauondoki tena.

"Imeharibika?" Ensio aliuliza.

"Itafanya kazi. Kila ganda litatoka na mstari."

Alimtuma sauna akalete kopo. Ensio alipoinua matawi na kulikuta pale, alicheka peke yake uani, na Saimi akamsikia, akapiga kelele dirishani, "Cheka! Cheka tu!" Kisha alichagua maganda ambayo hayajabonyea akayaweka kwenye beseni. Safari hii hakuwasha hata ile taa kubwa. Alifumba macho. Alimimina kidogo, akayabingirisha, akapitisha dole gumba kwenye bega la kila ganda, na pale penye mafuta mengi akafuta, na pale penye ukavu akarudia. Macho yaliyomdanganya wiki nzima aliyaweka kando, akaviachia vidole kazi, na vidole havikuwa na ugonjwa wowote.

"Tuyaingize sasa?" Ensio alisimama, mkono kwenye mashine.

"Kaa chini. Spiriti haijaondoka."

"Itachukua muda gani?"

"Itaondoka ikitaka. Na wakati tunangoja nitakwambia kitakachotokea Jumamosi, na hutanikatiza."

Jumamosi asubuhi, kwenye kibanda cha kikosi, wanaume walikuwa wamekaa na vikombe vyao vya kahawa Ensio alipovua kofia. Masikio yalikuwa mekundu kabla hajasema neno. Alisema ameingia kwa dada yake ufagio ukiwa mlangoni. Alisema ameharibu kalibu ya marehemu baba yao kwa nta ya skii.

"Nta ya skii!" Tuure alikohoa kahawa. "Ulitaka risasi ishuke mlima, mkuu?"

Walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Saimi alisimama mlangoni akawaacha wacheke, halafu akawakazia uso mpaka mmoja mmoja wakanyamaza.

"Na lile la magoti," Ensio alisema, "nililitunga. Magoti ya dada ni mazima. Lindo la Kuikka ni lake. Macho yanasubiri kupasuliwa, ndiyo maana leo nakaa mimi na bunduki, kwa ruhusa yake, na yeye atakuwepo."

"Mimi ndiye niliyempa," Saimi alisema. "Hakunipokonya mtu. Na nyie mlioangalia viatu Agosti, nawaona bado, macho yangu si mabovu kiasi hicho."

"Sasa supu?" Tuure aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sufuria iko pale. Vitunguu usiviunguze."

Kinamasi cha Kuikka kilikuwa kimefunikwa na ukungu. Saimi alikaa kwenye kisiki chake, mikono mitupu magotini, na Ensio akasimama mbele yake na bunduki, ndani yake risasi alizomhesabia yeye mwenyewe na kumwekea kiganjani kama mtoto wa shule. Ilimuuma Saimi. Hakuna maneno mengine ya kulisema: alikaa kwenye kiti chake mwenyewe akitazama mgongo wa mtu mwingine, na ilimuuma vibaya. Mbwa alibweka mbali, ng'ambo ya kilima, akanyamaza.

Kisha akasikia. Maji ya kinamasi yakivutwa na kwato, taratibu, hatua, kimya, hatua. Ensio alikuwa anaangalia kulia kulikotoka mbwa. Saimi alimchoma mbavuni kwa kidole.

"Kushoto."

"Hakuna kitu."

"Kushoto, nakwambia! Funga mdomo ungoje."

Ensio aligeuka, akangoja. Dume lilitoka kwenye ukungu pale pale kidole kilipoelekeza, kubwa, likasimama kunusa. Mlio ulikuwa mmoja. Lilipiga hatua chache, likaenda chini.

Ensio alifungua bunduki na ganda likaruka likaangukia kwenye majani. Saimi aliliokota likiwa bado na joto, akapitisha dole gumba begani. Laini, halina kishimo hata kimoja. Halafu akalizungusha na kuupata mstari, mrefu, mwembamba, kutoka begani mpaka kitakoni.

"Limetoka vizuri lakini," Ensio alisema kwa kunyenyekea.

"Limetoka kwa mafuta yangu. Kovu ndilo lako. Kila ganda nitakalolipitisha mle mpaka nife litakuwa na kovu lako, na kila vuli nitalipapasa na nitakasirika upya. Ujue hivyo."

"Najua, dada."

Redio mkononi mwa Ensio ilikoroma. Ilikuwa sauti ya Tuure, hakuuliza habari za mlio wala za hirvi. Alikuwa anauliza chumvi kiasi gani.

"Mwambie aonje," Saimi alisema, akalitia ganda mfukoni. Ukungu ulikuwa mzito na mbele yao kulikuwa na mashimo ya maji aliyoyajua yote kwa majina lakini leo hakuyaona hata moja. Akanyoosha mkono, akamshika nduguye bega.

"Polepole," alimwambia. "Na usifikiri nimekusamehe."